Inzi wa Sinema na Mbung'o wa Katavi



Juma hili nataka tuzungumze juu ya aina moja ya picha za sinema inayopendwa sana katika vibanda vya video, vile ambavyo vijana wetu wamevipa jina la vibanda umiza. Ni zile picha za kutisha ambamo mtaalamu wa sayansi anajifungia katika maabara yake, anafanya jaribio, jaribio linakwenda kombo, na mwili wa mtu unaanza kugeuka mbele ya macho ya watazamaji. Kucha zinadondoka, meno yanang'oka, ngozi inavimba na kupasuka, na yule aliyekuwa mtu anakuwa kitu kisicho na jina.

Wako wazee wanaosema kuwa picha hizi ni upuuzi mtupu. Wako walimu wanaosema kuwa zinawaharibu watoto. Mimi leo nasema neno la tatu. Picha hizi zina funzo moja la kweli, na zina uongo mmoja mkubwa. Funzo lake tulishike. Uongo wake tuukatae, kwa sababu kwa sisi wa Mpanda, Inyonga, Sitalike, Mishamo na Karema, uongo huo unaweza kugharimu maisha ya watu.

Kwanza tuzijue picha zenyewe. Mzizi wake ni kitabu cha mwanamke mmoja wa Uingereza, Mary Shelley, kilichotoka mwaka 1818. Humo kijana msomi aitwaye Frankenstein anaunganisha viungo vya maiti, anavitia uhai, kisha anakimbia alichokiumba. Mwaka 1896 Mwingereza mwingine, H. G. Wells, akaandika habari za Daktari Moreau, ambaye kisiwani kwake aliwapasua wanyama akitaka kuwageuza watu. Vitabu vyote viwili vikatengenezwa kuwa sinema, na kuanzia hapo aina hii ya picha haijakoma.

Lakini iliyo mashuhuri kuliko nyingi ni ile ya inzi. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1958, ikatengenezwa upya mwaka 1986 na David Cronenberg wa Kanada. Kisa chake ni hiki. Mtaalamu aitwaye Seth Brundle anabuni mtambo wa vyumba viwili. Kitu kikiwekwa katika chumba hiki, kinavunjwavunjwa na kutokea katika chumba kile. Anamjaribu nyani, mnyama ambaye sisi wa Katavi tunamjua kwa kutumalizia mahindi shambani. Nyani wa kwanza anatokea upande wa pili akiwa amepinduliwa nje ndani, kipande cha nyama kinachotetemeka. Brundle anarekebisha mtambo, na nyani wa pili anapita salama. Sasa angepaswa kungoja, kumpima yule nyani, na kuwaita wenzake watazame kazi yake. Hakungoja. Usiku huo huo, akiwa amelewa, moyo wake ukiwaka wivu juu ya mwanamke anayempenda, aliingia mwenyewe katika mtambo. Wala hakuona kuwa inzi mmoja ameingia naye. Mtambo ukawachanganya wawili hao kuwa kiumbe kimoja.

Mwanzoni anajiona ana nguvu za ajabu. Kisha mwili unaanza kuoza na kugeuka siku baada ya siku. Waliompaka mwigizaji Jeff Goldblum ule ubaya wa sura walipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na kwa kweli aliyeitazama picha ile hasahau upesi.

Watazamaji wetu wana msemo wao: stelingi hafi. Hata risasi zikinyesha kama mvua ya masika, stelingi atainuka. Wakalimani wa picha, kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, walijipatia majina makubwa kwa kuwachekesha watu juu ya ushujaa wa mastelingi. Lakini katika picha za aina hii, stelingi ndiye adui, na adui yumo ndani ya mwili wake mwenyewe. Hapana wa kupigana naye. Ndiyo maana kibanda kizima kinanyamaza.

Basi, funzo la kweli ni lipi? Wengi wanadhani picha ile inasema kuwa sayansi ni mbaya. Haisemi hivyo. Tazameni kosa liko wapi. Mtambo ulikuwa ukifanya kazi. Kosa ni mtu mmoja, usiku, amelewa, mlango umefungwa, hana wa kumwuliza swali. Frankenstein naye alifanya kazi yake peke yake kwa siri. Moreau alikwenda kisiwani ili asionekane. Picha zote hizi, ukizichambua, zinasema neno moja: ujuzi uliojifungia ndani peke yake, bila mtu wa kuuliza, huzaa balaa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kuwa kutokuulizwa ni hatari.

Na uongo ni upi? Uongo ni huu, ndugu wasikilizaji. Katika sinema, mwili unaooza ni wa mtaalamu mwenyewe. Yeye ndiye aliyekosea, na yeye ndiye anayelipa. Tunatoka kibandani tumeridhika kwa sababu haki imetendeka. Katika historia ya kweli haikuwa hivyo. Katika historia, aliyefanya jaribio alirudi kwao salama, na aliyelipa ni yule aliyelala kitandani bila kuulizwa.

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alifika Afrika Mashariki. Huyu hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, na mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, wakati malale yakiua watu kwa maelfu kandokando ya ziwa lile. Alikuwa na dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki, sumu ambayo watu waliitumia kuulia panya. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, na habari zikaenea, watu wakamiminika kambini. Lakini vijidudu vikarudi katika damu. Koch akaongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Ndipo wagonjwa walipoanza kupata maumivu na kizunguzungu, na baadhi yao wakapofuka, wasione tena maisha yao yote.

Koch aliacha kipimo kile kikubwa, akarudi kwao mwaka 1907, akafariki mwaka 1910 akiwa na heshima zake zote. Majina ya waliopofuka Ssese hatuyasomi katika vitabu vya shule. Na si Ssese tu. Karibu na mwaka 1930, huko Bafia nchini Kamerun, iliyokuwa chini ya Wafaransa, wagonjwa wa malale walipewa dawa nyingine ya aseniki, triparsamidi, kwa vipimo vikubwa kuliko vilivyoagizwa. Watu wapatao 700 wakapofuka.

Hapo ndipo picha ya sinema inapotudanganya. Hakuna aliyegeuka inzi. Kilichotokea ni mtu mzima, mkulima au mvuvi, kufungua macho asubuhi na kukuta giza.

Sasa msinielewe vibaya. Malale yasipotibiwa huua. Hao madaktari hawakuja kwa nia ya kupofusha watu. Walikuwa wakipigana na tauni ya kweli. Kosa lilikuwa lile lile la Brundle, haraka na mlango uliofungwa, ila safari hii mwenye kuingizwa katika mtambo alikuwa mwingine, naye hakuambiwa mtambo unafanya nini.

Huku kwetu magharibi watu wana kumbukumbu zao pia. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahamisha watu kutoka vijiji vyao vya msituni na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili kuwatenga na mbung'o, ambaye wengine wetu tunamwita ndorobo. Waliohama waliacha mashamba, mizinga ya nyuki na makaburi ya wazee wao. Walikuja watu wenye kofia, wakapima shingo zao, wakawatoboa vidole, wakachukua damu, wakaandika katika daftari, wakaenda zao. Nani aliwaeleza damu ile inakwenda wapi?

Mahali pasipo na maelezo, uvumi hujenga nyumba. Ndipo ulipokua ule uvumi wa mumiani, na wa chinjachinja, kwamba wako watu wanaokamata wapita njia na kuwanyonya damu ili kutengeneza dawa. Nairobi na Kampala uliwaangukia wazimamoto. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, aliuandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000. Uvumi huo haukuwa kweli kama ulivyosimuliwa. Hakuna kikosi cha zimamoto kilichokuwa kikinywa damu ya watu. Lakini chini ya uvumi ule palikuwa na swali la haki: mnatuchukulia nini, na kwa faida ya nani? Swali lilikuwa jema. Kwa kuwa halikujibiwa, likageuka hofu. Na hofu, ndugu zangu, haina masikio.

Mnakumbuka yaliyotokea Oktoba 2016 katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika kuchukua udongo kwa ajili ya utafiti. Udongo, si damu. Uvumi ukapita kuwa ni wanyonya damu. Wananchi wakawavamia, wakawaua, wakachoma miili yao na gari lao. Watu watatu waliokuja kupima rutuba ya mashamba yetu hawakurudi kwa watoto wao. Hiyo nayo ni picha ya kutisha, na hakuna mkalimani atakayeifanya ichekeshe.

Sasa turudi hapa nyumbani, kwa yule inzi wetu wa kweli. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na yenye kilometa za mraba 4,471, ni fahari yetu kwa viboko na nyati wake. Lakini aliyepita njia ya Sitalike anajua kuwa mwenyeji wa kwanza kumpokea mgeni ni mbung'o, na hasa mgeni aliyevaa nguo za bluu au nyeusi, kwa kuwa rangi hizo zinamvuta. Ndiyo sababu mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vijidudu vya malale vya huku kwetu hukaa katika miili ya wanyama kama pongo na ng'ombe, na mbung'o huvitoa kwa mnyama na kumpa mtu. Walio hatarini ni warina asali, wawindaji, wachungaji, wapasua mbao na askari wa hifadhi.

Nao ugonjwa wenyewe unamgeuza mtu kuliko sinema yoyote. Huanza kwa homa, kuumwa kichwa na viungo, mara nyingine na kidonda pale alipoumwa. Mtu anadhani ni malaria. Kisha vijidudu huingia katika ubongo. Mtu mpole anakuwa mgomvi. Anasinzia mchana huku chakula kikiwa mkononi, na usiku hapati usingizi. Anasema maneno yasiyoeleweka, anatetemeka, anaanguka. Ndugu wanasema karogwa, au kaingiwa na wazimu, wanampeleka huku na huku, na kumbe aina hii ya malale haingoji. Yaweza kuua katika miezi michache tu. Wagonjwa wanaoripotiwa siku hizi ni wachache mno kuliko zamani, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini uchache huo una hatari yake, maana ugonjwa uliosahauliwa hautambuliwi upesi.

Na namna ya kuutambua ni ipi? Ni kutoa damu na kuitazama katika hadubini, na pengine kutoa maji ya uti wa mgongo. Yaani ni jambo lile lile ambalo uvumi wa mumiani unatuambia tulikimbie. Mwenye kukimbia sindano kwa kuogopa picha aliyoiona kibandani anamwachia mbung'o amalize kazi yake.

Na sayansi iliyofungua mlango imefanya nini? Nitawapa mifano miwili.

Mfano wa kwanza uko Unguja. Huko mbung'o alikuwa akiwaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Wataalamu wetu wa Tanga, wakishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walifuga mbung'o katika maabara, wakawapitisha madume katika mtambo wa mionzi ili wasiweze kuzalisha. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 madume zaidi ya milioni 8 yalimwagwa kisiwani kutoka katika ndege. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake. Akipandwa na dume aliyehasiwa, hana kizazi. Mbung'o wa mwituni wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Tazameni ajabu hiyo: inzi kaingizwa katika mtambo, kama katika sinema, na aliyetoka upande wa pili ni ng'ombe mwenye afya na maziwa kwa mtoto. Kwetu bara kazi hiyo ni ngumu zaidi, maana Unguja imezungukwa na bahari, lakini msitu wetu umeungana na misitu mingine na mbung'o anaweza kurudi kutoka upande wowote.

Mfano wa pili ni wa dawa. Kwa zaidi ya miaka 70, mgonjwa wa Afrika Mashariki ambaye malale yamekwisha kuingia ubongoni alikuwa na dawa moja tu, melasoprol, iliyoanza kutumika mwaka 1949. Nayo ni ya aseniki. Wagonjwa walisema inapita katika mishipa kama moto, na yenyewe iliua karibu watu 5 katika kila 100 waliotibiwa. Ndipo wagonjwa wa Uganda na Malawi walipokubali kushiriki katika utafiti wa vidonge vya feksinidazoli. Kutokana na utafiti huo, mwishoni mwa 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuiunga mkono dawa hiyo kwa malale ya aina ya kwetu, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika mwongozo wake. Vidonge, ndugu wasikilizaji, badala ya moto katika mishipa. Hilo nalo lilikuwa jaribio juu ya miili ya watu. Tofauti yake na Ssese ni kwamba walioshiriki walielezwa, waliulizwa, na walikuwa na haki ya kukataa.

Haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Iliandikwa Nuremberg mwaka 1947, baada ya madaktari wa Hitler kuhukumiwa kwa kuwatesa wafungwa kwa jina la utafiti, ikaandikwa tena Helsinki mwaka 1964. Nchini kwetu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na utafiti wa afya juu ya watu hauna ruhusa kuanza bila kibali cha maadili.

Basi, mtafiti akija kijijini tusimkimbie wala tusimwinulie fimbo. Tumkalishe kitini, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na watu wote, tumwulize. La kwanza, umetumwa na nani, na kibali chako kiko wapi? La pili, unatafuta nini? La tatu, unachukua kitu gani katika mwili wangu au katika shamba langu, na kinakwenda wapi? La nne, kuna hatari gani, na nikidhurika nani atanitibu? La tano, nikikataa, je, nitapoteza haki yangu ya matibabu? La sita, mtakapopata majibu, mtarudi kutuambia? Mtafiti mwaminifu atafurahi kuulizwa hivyo. Asiyetaka kuulizwa, huyo ndiye wa kutiliwa shaka, na hapo tuite polisi, si mawe.

Na ninyi watafiti mnaonisikiliza, nanyi mna zamu yenu. Msifike kijijini na gari lililofungwa vioo, mkatoa vichupa na kuondoka kabla vumbi halijatulia. Mkutano mmoja wa kijiji, hata ukiwagharimu siku nzima, ni rahisi kuliko maisha ya mtu mmoja. Na majibu yakipatikana, yarudisheni kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Neno la mwisho ni kwa wazazi na wenye vibanda. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tunayo tangu mwaka 1976, na picha zimepangiwa umri. Mtoto wa miaka 7 hana kazi katika kibanda kinachoonyesha mtu akibanduka ngozi. Hawezi kutenganisha rangi ya mwigizaji na damu, na kesho akipelekwa zahanati atamwona muuguzi kuwa ndiye yule wa pichani. Lakini kijana mkubwa aliyekwisha kuitazama, msimpigie kelele. Mwulizeni: yule mtaalamu alikosea wapi? Ni nani angemwuliza swali mapema? Na je, kwa nini katika picha anaumia yeye, na katika historia tuliumia sisi? Kijana atakayeyajibu maswali hayo matatu ndiye tunayemtaka siku moja awe mkuu wa maabara, iwe Mpanda au Tabora, na mlango wake uwe wazi.